Jina Lako na Jeni ya Panya

Mpendwa Kukhu,

Sikuulizi hali. Nikikuuliza na ukanijibu, nitatoka hapa mbio niache viatu, na wewe utacheka vile ulivyokuwa ukicheka, kiganja mdomoni kuficha pengo ambalo kila mtu Myanga alilijua. Mimi niko Kitale bado, chumba kile kile karibu na Kipsongo, na bado nauza kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo. Leo ni Jumapili mchana. Mume wangu Simiyu amelala kwenye kochi, mtoto wetu amelala kifuani pake, na mimi nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Nakuandikia kwa sababu daktari aliniuliza swali ambalo ni wewe tu unayeweza kulijibu, na wewe ulituacha mwaka mmoja kabla binti yangu hajazaliwa. Aliniuliza hivi: "Kwenu kuna watoto walikufa wakiwa wachanga?" Nikamwambia wapo, nyanya yangu, yaani wewe Kukhu, alizika wawili. Akauliza walikuwa wakiugua nini. Nikamjibu, "Sijui, lakini nitamwuliza." Nilisema hivyo hivyo, Kukhu, kama mtu ambaye angetoka pale apande gari mpaka Myanga akukute kwenye kigoda chako unachambua maharagwe na kuyalaumu kwa kuwa na mawe. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi za kutokea ndipo nikakumbuka kwamba hupo.

Ngoja nikueleze kuanzia mwanzo. Hukupenda mtu akuletee habari kuanzia katikati.

Binti yangu alizaliwa wakati wa palizi, mahindi yakiwa yamefika magotini. Alipopata nguvu kidogo tulimpeleka kwa wakwe zangu, upande wa Lwakhakha, wakamwone. Siku hiyo alilia tangu asubuhi. Titi alilikataa, mgongo aliukataa, kubembelezwa alikukataa. Unakijua kilio cha mtoto anayetafuta jina, wewe ndiye uliyenifundisha kukitofautisha na cha njaa. Shangazi yake Simiyu, Senge Rasoa, akaketi mkao wa kazi na kusema huyu si mgonjwa, kuna mtu wa zamani anayetaka kurudi kwa jina lake, basi tumtafute.

Wakaanza kuita marehemu wao mmoja mmoja. Nelima. Khasoa. Nasambu. Kila jina lilitajwa mbele ya uso wa mtoto, kisha wanangoja waone kama atanyamaza. Mtoto akazidi kulia. Wakamaliza upande wa baba mkwe, wakaingia upande wa mama mkwe, wakafika hadi kwa mama mmoja wa kale ambaye hata Senge Rasoa hakuwa na hakika kama alikuwa mtu wao au jirani. Hakuna kitu. Senge akanigeukia, jasho linamtoka. "Sasa wewe si uite wa kwenu? Ama kwenu watu hawafangi?"

Nikainama, nikaita jina lako. "Naliaka."

Akanyamaza papo hapo. Kilio kilikatika katikati, mdomo bado wazi. Macho yakapanda juu yakatulia, kana kwamba amemwona mtu kwenye paa. Vidole vikajikunja. Mama mkwe aliyekuwa amempakata akasema kwa sauti ndogo, "Ameshika." Hapo vigelegele vikalipuka mpaka mbwa wa boma wakakimbia. "Amekuja! Kukhu amekuja!" Na mimi nilikaa chini kwenye mkeka nikalia, kwa sababu nilikuwa nimekukosa mwaka mzima, na sasa ulikuwa umerudi kwangu ukiwa mdogo wa kubebwa. Hata wakwe walionung'unika kwamba jina limetoka upande wa mke hawakuweza kubisha. Walikuwa wameona kwa macho yao.

Tangu siku hiyo nilimwita Kukhu mbele ya watu, na mtu akiuliza kwa nini mtoto anaitwa nyanya, nilisimulia yote, na vigelegele nikavipiga mwenyewe. Nilikuwa nimejaa furaha. Unajua mimi nikipata kitu huwa sikifichi.

Kisha mambo yakaanza. Alipofika miezi mitano alikuwa bado hawezi kushika shingo. Alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloweshwa. Siku moja nikimwogesha, akakakamaa mikononi mwangu na kuanza kutetemeka, midomo ikageuka rangi. Nilifikiri anakufa. Majirani walikuja wakanipa ushauri wote uliopo duniani: mmoja alitaka kumtia kijiko mdomoni, mwingine akaleta maji ya baridi, mwingine akasema nichome manyoya ya kuku. Tulipofika hospitalini alikuwa ameshatulia, amelala, na muuguzi akaniuliza mbona nalia na mtoto mwenyewe yuko salama. Kilikuwa kifafa. Kikarudi, kikazoea kurudi. Dawa moja ikashindwa, wakaongeza ya pili.

Mwisho tukaelekezwa kwa daktari mmoja wa watoto anayekuja huku Kitale kila mwezi kuwaona wa aina hii. Ni mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, halafu ana uvumilivu wa kueleza kitu mara tatu. Alimtoa mtoto damu, na mimi na Simiyu pia, ikapelekwa ng'ambo. Tukangoja mpaka tukasahau kwamba tunangoja. Siku majibu yalipokuja alituita wote wawili, akafunga mlango. Kukhu, daktari akifunga mlango wewe tayari unajua.

Kwanza alituuliza kama mimi na Simiyu ni ndugu. Simiyu alitaka kusimama. "Daktari, kwetu hiyo ni mwiko. Sisi tulichunguzwa!" Na nani kama si wewe. Unakumbuka siku nilipomleta kwako Myanga? Hata chai hukumpa kwanza. Ulimwuliza ukoo wake, ukoo wa mama yake, ukoo wa mama ya mama yake, na alipoanza kubabaika ukamwambia, "Enda uulize, chai itakungoja." Akapiga simu kwao, amesimama kwenye migomba jasho likimtoka, mimi naona aibu ya kufa. Aliporudi na jibu ulilitafuna muda mrefu, kisha ukasema hakuna damu hapa, kunyweni chai. Nilikuamini mimi. Hakuna mtu aliyekuwa akizijua koo kama wewe.

Daktari akasema si lazima muwe ndugu. Kila mtu amebeba maelekezo ya mwili mara mbili, seti moja ya baba na moja ya mama. Mimi nina seti nzuri na moja yenye kasoro, na ile nzuri inanitosha, siugui. Simiyu vile vile. Mtoto alichukua yenye kasoro kwangu na yenye kasoro kwake. Kila mimba ilikuwa na uwezekano huo, na sisi hatukuwa na njia ya kujua. Nilitazama mikono yangu pale kwenye kiti, hii mikono uliyosema ni yako kabisa, vidole vifupi na kucha pana. Nikajiuliza ni nini kingine ulichonipa.

Nikamwomba aniambie kasoro yenyewe iko wapi. Akasema seli ya mwili ina ngozi yake nyembamba, na juu ya ngozi hiyo kuna protini zinazofanya kazi, na baadhi yake hushikiliwa pale na kitu alichokiita nanga. Nanga mimi nimeiona kwenye picha tu. Akausoma uso wangu, akauliza nyumbani tunafuga nini. Nikasema ng'ombe. "Basi sema ni kigingi," akasema. Hapo nikaelewa, na wewe utaelewa. Protini ni ng'ombe, ngozi ya seli ni malisho, na kigingi ndicho kinachomfanya ng'ombe abaki mahali pake. Kutengeneza kigingi hicho kunahitaji mafundi wengi, mmoja anakata, mwingine anachonga, mwingine anatia ncha, na kila fundi ana jeni yake inayomwelekeza. Kwa mtoto wetu, jeni ya fundi mmoja imeharibika. Vigingi vinatoka vichache, ng'ombe wanang'oka, wanazurura kwenye damu ambako hawana kazi, na ubongo unakosa walichotakiwa kuupitishia.

Simiyu ni mtu wa kuchomelea vyuma. Akauliza swali la fundi: "Na hiyo jeni, mlijuaje kazi yake?"

"Kwa panya," daktari akasema.

Panya, Kukhu! Huyu huyu mdogo wa nyumbani. Ana jeni ile ile, inafanya kazi ile ile ya kigingi, na tofauti yake na ya kwetu ni ndogo. Watu wa maabara huko ng'ambo wameiharibu makusudi kwenye panya ili waone kitakachotokea, na kwa kuona kilichowapata panya ndiyo wakajua la kutafuta kwa watoto. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimetoka dukani asubuhi hiyo, na mtu wa kwanza niliyemhudumia alikuwa mzee mmoja wa mahindi aliyeniambia, "Madam, nipatie ile ya panya, ile haimpei nafasi ya kutubu."

Na nikakukumbuka wewe na vita vyako. Ghala la Myanga, majivu uliyochanganya na mahindi, ndoo ya maji na bunzi la mahindi linalozunguka kwenye kijiti ili panya akikanyaga atumbukie. Na yule paka uliyemwita Chifu kwa sababu kazi yake ilikuwa kula na kulala penye jua. Nilikuwa msaidizi wako. Niliyashika magunia, wewe ukapiga kwa mwiko, tukapiga kelele mpaka watu wa barabarani wakauliza kuna nini. Sijawahi kufurahi vile tena.

Lakini kuna siku moja imenirudia sana siku hizi. Tulifungua gunia la chini kabisa tukakuta watoto wa panya, wekundu, hawana manyoya, macho hayajafunguka. Nikakuomba uwaache. Nililia kabisa, nilikuwa mdogo. Wewe ukawazoa kwenye ungo na kuwapelekea kuku. Nikakufuata nyuma nikikuuliza, "Sasa mama yao atafanya nini?" Ukajibu bila kugeuka, "Atatafuta, atachoka, atazaa wengine. Hata mimi hakuna mtu aliniuliza."

Nilikuona mkatili siku hiyo. Nilikununia mpaka ukanipikia mandazi. Sasa niko na umri wa kuzika mtoto, ndiyo nimeyasikia uliyosema.

Nikamwuliza daktari hao panya walioharibiwa jeni wanaendeleaje. Akasema jeni ikivunjwa kabisa wengi hata hawazaliwi, wanafia tumboni. Wakiivunja kidogo wanazaliwa, ila hawakui vizuri na wanatetemeka. "Na dawa? Wanawajaribia dawa?" Akasema wanajaribu, na wakipata kitu kinachomsaidia panya, itakuwa bado safari ndefu kutoka kwa panya mpaka kwa mtoto. Kisha akanishika mkono. "Mama Naliaka, sitaki kukudanganya. Dawa ya kuponya hii mimi sina. Hakuna mwenye anayo."

Kwa hivyo sasa nawaombea panya. Usicheke. Kanisani wakisema tuweke maombi yetu mbele za Bwana, wenzangu wanaombea mvua na karo, mimi nafumba macho na kumwombea panya mmoja nisiyemjua, kwenye sanduku, nchi ya baridi, aamke leo na nguvu kidogo kuliko jana. Jumatatu nafungua duka nauza sumu. Kazi ni kazi. Lakini mkono unasita siku hizi ninapoishusha kutoka kwenye rafu, na mwenye duka ameshaniuliza kama naumwa bega.

Kulikuwa na kitu kimoja cha kujaribu, vitamini tu, ile wanayopewa watu wa kifua kikuu pamoja na dawa zao. Daktari alisema baadhi ya watoto wa namna hii huitikia, kwa sababu ndiyo hasa inayokosekana ubongoni. Tukampa. Kukhu, alitulia! Wiki zikapita. Alianza kunifuata kwa macho nikitembea chumbani, akatoa kisauti nikimwita. Simiyu alichomelea kiti cha chuma chenye kamba za kumshikilia, akakipaka rangi ya kijani, tukamkalisha mlangoni na watoto wa vyumba vingine vya ploti wakaja kumsalimia. Nilikuwa nimeanza hata kuyapanga ya mbele, nguo za shule zikiwemo. Halafu kifafa kikarudi, kikali kuliko mwanzo, na ile sauti ikaondoka. Daktari aliongeza kipimo, akapunguza, akaongeza. Mwishoni akasema si wote wanaoitikia kwa muda mrefu. Alisema akiangalia meza.

Siku hiyo ndiyo aliniuliza habari za mwanzo kabisa. "Kifafa cha kwanza kilikuja lini?" Nikasema miezi mitano, nikimwogesha. Akatikisa kichwa. "Kabla ya hapo, hakuwahi kunyamaza ghafla? Anaweza kuwa analia, halafu anakatika tu, macho yanaenda juu, anakauka kidogo?"

Simiyu ndiye aliyejibu, polepole, akinitazama mimi. "Siku ya jina."

Kwa hivyo hukuja, Kukhu. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naogopa kukuandikia. Jina lako liliponitoka mdomoni ndipo ugonjwa ulipomkamata mwanangu mara ya kwanza, na sisi tukampigia vigelegele. Kama tungekuwa watu wengine, wasiotafuta majina, labda mtu angeshtuka. Sisi tulishukuru. Mimi nilicheza. Daktari alisema hata tungejua siku hiyo hiyo hakuna kitu kingebadilika, na ninamwamini. Lakini nilikuwa nimeishi miaka hii yote nikijua kwamba ulirudi kwangu, na hilo lilikuwa limebaki peke yake la kunipa moyo. Nililipoteza nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, na nje wagonjwa wengine wanagonga mlango.

Wakwe nao walikuwa na maelezo yao. Jina la ukweni halikumfaa mtoto. Mwenye jina ana hasira, ndiye anayemtikisa, basi limtoke apewe lingine. Walisema hivyo mwaka mzima na mimi nikapigana nao mwaka mzima. Mwezi uliopita nilimweleza mama mkwe habari ya kigingi, nikaeleza vizuri kabisa, hata na vidole nikaonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye si mtu mbaya, Kukhu, mtoto huyu anamlalia kifuani akifurahi kuliko kwangu.

"Nimeelewa," akasema. "Na hiyo kigingi inarudishwa aje?"

"Hairudishwi, mama."

"Sasa wewe umekuja na nini?"

Nilikuwa nimekuja na maneno ya daktari, na mwisho wa maneno hayo ni kwamba tungoje. Wao angalau walikuwa na jambo la kufanya. Simiyu akanifuata nje, akaniambia, "Wacha waite tu, Mama Naliaka. Itatupunguzia nini?" Nilikuwa na hasira naye mpaka nikaona ana machozi. Nikakubali. Ndiyo, nilikubali wakunyang'anye jina lako, na nilikuwa najua halina kosa.

Jana ndiyo tulikuwa Lwakhakha kwa kazi hiyo. Wanawake walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Nilikataa kumtoa mtoto mikononi, na hawakunibishia. Yuko na miaka mitatu na ushei sasa na halii tena, hana nguvu ya kulia, kwa hivyo Senge Rasoa akasema tuangalie ishara yoyote, akitabasamu, akipiga chafya, akigeuza kichwa. Wakaanza tena. Nelima. Khasoa. Nasambu. Nilimkazia macho kama mtu anayelinda maziwa jikoni, maana nilikuwa naogopa kifafa kije kwenye jina la mtu na wao washangilie, na mimi sasa najua ni nini. Sijui ningefanya nini. Labda ningepiga mtu.

Hakikuja. Hakuna kilichokuja. Mtoto alikuwa macho, amelegea, anatazama mwanga wa dirishani. Wakaita wa baba, wakaita wa mama, wakaita wanaume, wakaita watoto waliokufa bila hata kuzungumza. Mama mmoja akasema tuite na wa upande wangu, nikawataja wote ninaowajua isipokuwa wewe. Na kadiri majina yalivyokuwa yakipungua, nilishangaa kujiona nimeanza kuwasihi hao wafu kimoyomoyo. Nilikuja pale nikijua kila kitu, jeni, panya, seti mbili, na bado nilikuwa nasema mmoja wenu amtake basi, yeyote, mmoja tu. Hakuna aliyemtaka.

Senge Rasoa ndiye aliyekoma kwanza. Akasema, "Majina yameisha." Yule mama nimemwogopa tangu siku nilipoolewa, mdomo wake ni wembe. Akavua kitambaa cha kichwani, nywele zake nyeupe zikabaki wazi mbele ya watu, akampangusa mtoto mate kidevuni. "Pole, mama," akamwambia. "Tumeita, wamenyamaza." Halafu akaenda jikoni, na tukala ugali na kuku kama watu waliotoka kuzika.

Kwa hivyo mtoto bado ni Naliaka. Jina lako limebaki kwake kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza. Nimerudi Kitale naye asubuhi ya leo, na daktari tutamwona mwezi ujao, na atapima, na atauliza kama nilipata jibu.

Basi nijibu, Kukhu. Wale wawili wako, waliozikwa upande wa migomba, ambao ulikuwa ukiwapita bila kuwatazama. Walikuwa walegevu? Macho yalipanda juu? Ulimwambia nani? Watu wa Myanga husema jirani alikutazama vibaya ukiwa mjamzito, na najua hukuzungumza na yule jirani mpaka alipokufa. Kama ilikuwa hii, basi naye alionewa, na wewe ulionewa, na hakuna aliyemwonea mwenzake. Nimechoka kutafuta wa kumkasirikia. Nilijaribu kukukasirikia wewe, nikashindwa.

Na kuna jambo jingine, ndilo hasa lililonikalisha na kalamu. Daktari hasemi, lakini nimeanza kuona jinsi anavyomsikiliza kifua. Mara mbili za mwisho kifafa kilipomshika, pumzi zilikawia sana kurudi. Kama Naliaka atafika huko kabla yangu, wewe ndiye mtu pekee anayemjua kwa jina, kwa hivyo nakuachia maagizo. Mchungaji anasema huko hakuna ugonjwa. Sawa. Lakini nimeshaambiwa mambo mengi na watu waliokuwa na hakika.

Kikimshika, usimlaze chali. Mlaze ubavu, uso uelekee chini kidogo, mate yapate kutoka. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, kanga yako inatosha. Usimtie chochote mdomoni. Usimmwagie maji, usimshike kwa nguvu, usiite watu. Usimchomee manyoya. Nakujua, hujawahi kukaa mikono mitupu maishani mwako, utataka kupambana. Hakuna cha kupambana nacho. Kaa karibu naye umwite jina lake polepole mpaka kiishe, hivyo ndivyo tunavyofanya sisi na hatuna kingine. Kikiisha ataogopa. Atakutafuta kwa macho, na hatakujua, kwa sababu hamjawahi kuonana.

Mwambie wewe ni wa kwetu.

Kwaheri, Kukhu, mpaka nipate nafasi nyingine ya kukaa. Mtoto ameamka.

Mjukuu wako,
Mama Naliaka